Hedfoni za Bluetooth zimekataa baada ya kutoka Mint 21.3 kwenda 22

mwalimu_arua · Jumatatu, saa 2:10 usiku

Salaam ndugu zangu. Niko Arua, nafundisha Kiswahili kwa mtandao. Wanafunzi wengi wako Kampala, wawili wako Juba. Ijumaa nilipandisha mfumo wa laptopu yangu, Linux Mint, kutoka 21.3 hadi 22. Ilikesha inapakua, intaneti ya huku mnaijua, lakini alfajiri nikakuta imemaliza. Faili zipo, picha ya wajukuu kwenye skrini ipo. Hedfoni ndizo zimekataa.

Kwenye orodha ya Blueman, ile programu ya Bluetooth, zinaonekana. Nikibonyeza ziunganishwe, taa inageuka bluu, nahesabu moja, mbili, inarudi kumetameta. Ujumbe unaotokea ni huu:

`br-connection-profile-unavailable`

Kwa simu hedfoni hizohizo zinapiga vizuri tu. Nimezima na kuwasha, nimezifuta na kuziunganisha upya mara nne, nimemwomba hata mama watoto ajaribu, maana yeye ana mkono wa baraka kwa vyombo vya umeme. Safari hii baraka zimegoma. Kesho saa 12 jioni nina darasa.

kasese_mlimani · Jumatatu, saa 2:31 usiku

Kerneli hiyo, kiini cha mfumo. Mint 21.3 ilikuja na 5.15, hiyo 22 ina 6.8. Ukiwasha mashine, kwenye menyu ya GRUB ingia "Advanced options", chagua ya zamani kama bado ipo.

boda_na_bash · Jumatatu, saa 2:34 usiku

Futa yote weka upya. Saa moja tu, unakula rolex mbili (chapati na mayai) unamaliza.

mwalimu_arua · Jumatatu, saa 3:15 usiku

@kasese_mlimani ya zamani ilikuwepo, nimeingia nayo, hali ni ileile. @boda_na_bash kijana wangu, rolex ninayo, MB za kupakua upya ndizo sina.

fundi_wandegeya · Jumatatu, saa 3:48 usiku

Mwalimu, shikamoo. Tafadhali usiweke wala kuondoa kitu chochote kwanza. Karibu kila laptopu ninayoletewa hapa mezani na tatizo la sauti imeshapigwa sindano tano na mwenyewe kabla ya kufika, na kazi yangu ya kwanza huwa kutibu sindano.

Sauti ya Bluetooth kwenye Linux inapita mikono mitatu. Wa kwanza ni redio yenyewe: chipu, draiva yake ndani ya kerneli, na fimwea, programu ndogo ambayo chipu inapewa kila inapoamka. Wa pili ni BlueZ, yaani huduma inayotafuta vifaa, inayokumbuka funguo na kufungua njia. Wa tatu ni seva ya sauti, zamani PulseAudio, siku hizi PipeWire. Seva ndiyo inayokwenda kwa BlueZ kusema "mimi nipo, nikiletewa muziki naupokea, nikiletewa simu naipokea". Isiposema hivyo, BlueZ inabisha hodi kwa hedfoni, hedfoni zinafungua mlango, kisha inageuka nyuma na kukuta hakuna aliyeleta mzigo. Inafunga mlango.

Sasa usome tena ujumbe wako. Haukusema kifaa hakionekani wala ufunguo umekataliwa. Umesema profaili, yaani namna ya kubeba sauti, haipo. Kwa macho yangu mkono wa kwanza na wa pili ni wazima, ndiyo maana kerneli ya zamani haikusaidia. Lakini kukisia ni kazi ya waganga. Niletee matokeo ya hizi:

`systemctl status bluetooth`
`journalctl -u bluetooth -b | tail -20`
`pactl info | grep "Server Name"`
`dpkg -l libspa-0.2-bluetooth`

Zinasoma tu, hazibadilishi kitu. Nakili maandishi, usipige skrini picha kwa simu. Juzi mtu aliniletea picha ambayo nusu yake ni kidole gumba.

mzee_wa_malaba · Jumatatu, saa 4:05 usiku

Nyie mna raha. Enzi zetu kupata sauti kwa Linux ilikuwa ALSA na maombi. Programu moja ikishika kadi ya sauti, nyingine inasubiri kama lori hapa mpakani. Ilipokuja PulseAudio tukaitukana miaka, ilipozoeleka wakaleta nyingine.

fundi_wandegeya · Jumatatu, saa 4:12 usiku

Mzee, hiyo nyingine nitaitetea. PipeWire ilianzishwa na Wim Taymans wa Red Hat, mwanzoni kwa ajili ya video, kisha ikabeba na sauti. Fedora waliifanya chaguo la kawaida toleo la 34, mwaka 2021. Ubuntu wakafuata na 22.10. Mint walingoja mpaka toleo la 22, mwezi Julai 2024. Kwa hiyo mwalimu, ulipotoka 21.3 hukubadilisha namba ya toleo tu, ulihamishwa nyumba ya sauti nzima. Ndiyo maana nasisitiza ile amri ya pactl, inayouliza seva ya sauti ni ipi.

mwalimu_arua · Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Marahaba fundi. Umeme ulikatika jana usiku, samahani. Haya hapa:

```
Active: active (running)

a2dp-sink profile connect failed for XX:XX:XX:XX:XX:XX: Protocol not available
(mstari huu umejirudia mara kumi na kitu)

Server Name: PulseAudio (on PipeWire 1.0.5)

dpkg-query: no packages found matching libspa-0.2-bluetooth
```

Huu wa tatu umenichanganya. Ni PulseAudio au ni PipeWire?

binti_bombo · Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Ni PipeWire iliyovaa kanzu ya PulseAudio, mwalimu. Programu nyingi bado zinaongea lugha ya PulseAudio, kwa hiyo kuna kipande kinaitwa pipewire-pulse kinachozijibu kwa lugha hiyohiyo. Ingekuwa PulseAudio halisi ungeona neno `pulseaudio` peke yake.

Mstari wa nne ndio ugonjwa. Fundi aliunusa tangu jana, hakutaka kusema.

fundi_wandegeya · Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Dada amemaliza. `libspa-0.2-bluetooth` ndicho kipande cha PipeWire kinachojua Bluetooth. Bila hicho spika za laptopu zitaimba na waya utaimba, ila hakuna atakayekwenda kwa BlueZ kujitambulisha. "Protocol not available" ndiyo BlueZ inalalamika hivyo kwa Kiingereza chake.

Kinachonisumbua ni kingine. Kwenye mashine iliyopandishwa kwa njia ya kawaida kifurushi hicho hakitakiwi kukosekana. Mwalimu, bila kuona haya, endesha hii ulete yote (inaonyesha amri ulizowahi kuandika za apt, kile chombo cha kuweka na kuondoa programu):

`history | grep apt`

mwalimu_arua · Jumanne, saa 1:52 asubuhi

Nimeshikwa.

```
sudo apt purge pulseaudio pulseaudio-module-bluetooth
sudo apt install --no-install-recommends pipewire-pulse wireplumber
sudo apt autoremove
```

Jumamosi asubuhi spika za laptopu zilikuwa kimya. Nikakuta ukurasa mmoja mtandaoni unasema fanya hivi. Hayo maneno ya "no-install-recommends" niliyaongeza mwenyewe, niliyasoma zamani kwamba yanapunguza kupakua kwa kuacha vya ziada vinavyopendekezwa. Nilikuwa nimebakiza MB 300. Spika zikarudi, nikasahau kabisa kwamba nilifanya.

boda_na_bash · Jumanne, saa 1:55 asubuhi

Banange! Mwalimu amekataa mboga ili ugali ushuke bei.

fundi_wandegeya · Jumanne, saa 2:20 asubuhi

Acheni kumcheka. Ubahili wa MB ni ugonjwa wetu sote, hata mimi hapo nilipo natumia mtandao wa jirani.

Dawa:

`sudo apt update`
`sudo apt install pipewire-audio`

Nimekuandikia `pipewire-audio` makusudi badala ya kile kifurushi kimoja. Ni kifurushi cha kukusanya: kinavuta vyote vinavyotakiwa kukaa pamoja, cha Bluetooth kikiwemo, na vyenyewe vinabaki vimefungamana, ili autoremove nyingine, ule ufagio wa vifurushi visivyohitajika, isije ikabeba kimoja. Vingi unavyo tayari, kwa hiyo kitakachopakuliwa ni kidogo, hicho cha Bluetooth hakifiki hata MB moja. Kisha:

`systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber`

Zima hedfoni, washa, unganisha.

mwalimu_arua · Jumanne, saa 2:41 asubuhi

Ya kwanza na ya pili sawa. Ya tatu imenigomea, inaandika "Failed to connect to…" na maneno marefu ya DBUS.

binti_bombo · Jumanne, saa 2:43 asubuhi

Uliweka sudo mbele?

mwalimu_arua · Jumanne, saa 2:44 asubuhi

Niliweka. Si ndiyo adabu?

binti_bombo · Jumanne, saa 2:50 asubuhi

Hapa siyo. BlueZ ni huduma ya mashine nzima, hiyo unaigusa kwa sudo. PipeWire inaishi ndani ya kikao chako wewe uliyeingia. Ukitanguliza sudo unakuwa root, yaani mkuu wa mashine, na root hana kikao cha sauti, ni kama kwenda kumwamsha mtu kwenye nyumba asiyolala. Rudia bila sudo.

mwalimu_arua · Jumanne, saa 3:02 asubuhi

IMEKUBALI! Taa bluu, imetulia. Namsikiliza mtangazaji wa taarifa ya habari mpaka anavyovuta pumzi. Webale nyo fundi, dada wa Bombo Mungu akuzidishie. Niliyekuwa nafikiria kwenda mjini kununua hedfoni mpya!

kasese_mlimani · Jumanne, saa 3:10 asubuhi

Safi. Nakubali kerneli nilimsingizia.

otieno_wa_busia · Jumanne, saa 4:25 asubuhi

Nimejiunga leo. Mimi ni tofauti kidogo. Laptopu yangu haina Bluetooth ya ndani, nilinunua kile kidude cha USB pale mjini Kampala, kimeandikwa 5.0. Baada ya kuapdeti wiki iliyopita, `bluetoothctl` inasema "No default controller available". Nimefuata yote hapo juu, pipewire-audio ninayo.

binti_bombo · Jumanne, saa 4:40 asubuhi

Wewe uko mkono wa kwanza, mambo ya PipeWire hayakuhusu bado. Leta `lsusb`, `rfkill list`, na `sudo dmesg | grep -i bluetooth`.

otieno_wa_busia · Jumanne, saa 5:15 asubuhi

rfkill inasema "no" kote kuwili, yaani redio haijafungwa. lsusb imeonyesha Realtek. Na dmesg:

`Bluetooth: hci0: RTL: firmware file rtl_bt/rtl8761bu_fw.bin not found`

binti_bombo · Jumanne, saa 5:22 asubuhi

Umejibiwa kwenye mstari huohuo. Chipu za namna hiyo huzaliwa bila kumbukumbu, kila ukichomeka kerneli inazilisha hiyo faili ndipo zinajua kazi. Wewe ni Mint, Ubuntu au Debian? Mint na Ubuntu: `sudo apt install --reinstall linux-firmware`. Hicho ni kizito, mamia ya MB, kifanye ukiwa kwenye intaneti ya bure. Debian: `firmware-realtek`, chepesi zaidi. Ukimaliza chomoa kidude, chomeka tena.

Na ushukuru ni Realtek. Kuna vile vinavyojitambulisha kwa namba `0a12:0001`, vimejaa kila duka. Namba ni ya chipu halali ya kampuni ya CSR, ila vingi vilivyoko mitaani ni vya kuigiza. Kerneli ina mistari mizima ya kuvivumilia, na mara nyingine toleo jipya linapunguza uvumilivu. Nina vitatu kwenye droo. Nawapa watoto wanachezea.

otieno_wa_busia · Jumanne, saa 9:50 alasiri

Debian. Imefanya kazi. Asante dada, nitakuletea samaki.

mwalimu_arua · Jumanne, saa 2:30 usiku

Ndugu zangu, nimerudi na aibu. Darasa limekwenda, lakini.

Kusikia nasikia vizuri. Nilipoanza tu kuzungumza kwenye mkutano wa video, sauti zote zikageuka kuwa za ndani ya debe, zao kwangu na yangu kwao. Nikafikiri ni mtandao. Halafu nikawapa imla. Nilisoma "thamani ya samani". Wanafunzi tisa kati ya kumi na mmoja wameandika "samani ya samani". Mmoja kaandika "famani". Yule wa kumi na moja nadhani alibahatisha.

Nilisoma tena polepole, ulimi kati ya meno kabisa, kama nilivyofundishwa na marehemu mwalimu wangu. Hola. Zamani kwa 21.3 sikuona hivi, ingawa zamani nilikuwa natumia maiki ya waya.

boda_na_bash · Jumanne, saa 2:36 usiku

Mwalimu, huku kwetu hata ukiwa mbele yangu uso kwa uso mimi nasema "samani". Usiisingizie Bluetooth.

fundi_wandegeya · Jumanne, saa 3:30 usiku

Hapa nitaandika kirefu kwa sababu hili halina dawa ya mstari mmoja, na watu wengi wanarudisha hedfoni dukani bure kwa ajili yake.

Hedfoni zako zina namna mbili za kuishi. Ya kwanza ni A2DP: muziki unatoka kwenye laptopu kwenda masikioni, upande mmoja tu, kwa ubora mzuri. Ya pili ni HFP, ile ya simu: sauti inakwenda na kurudi, maiki inafanya kazi, ila barabara inayotumika ni nyembamba na inagawanywa pande mbili. Kwa Bluetooth hii tuliyonayo wengi, hedfoni haziwezi kuishi namna zote mbili kwa wakati mmoja. Programu ya mkutano inapoomba maiki, WirePlumber (huyu ndiye karani wa PipeWire, anayeamua nani aunganishwe na nani) anahamisha hedfoni kutoka A2DP kwenda HFP bila kukuuliza. Ndilo debe ulilosikia. Simu yako nayo hufanya hivyohivyo ukipigiwa, ila kwenye simu huwa hatujali.

Sasa ile "thamani". Kodeki (namna ya kubana sauti ipite hewani) ya zamani ya HFP, CVSD, inachukua sampuli 8,000 kwa sekunde. Kihesabu, sauti yoyote iliyo juu ya nusu ya hapo, yaani kHz 4, haipiti. Irabu zako zote zinakaa chini ya hapo, ndiyo maana maneno yanasikika. Lakini kinachotofautisha s, f na th ni ule upepo wa meno, na sehemu kubwa ya upepo huo uko juu ya kHz 4. Kwa hiyo ulimi wako ulikuwa sahihi, mwalimu. Upepo ulikatwa njiani. Wanafunzi waliandika kile kilichowafikia.

Kodeki mpya kidogo, mSBC, inachukua sampuli 16,000, kwa hiyo inafikisha mpaka kHz 8. Siyo studio, ila "th" inaanza kupumua. Angalia unatumia ipi. Fungua mkutano wowote ili maiki iwake, kisha:

`pactl list cards | grep -i -E "codec|active profile"`

mwalimu_arua · Jumanne, saa 3:58 usiku

```
headset-head-unit-cvsd: Headset Head Unit (HSP/HFP, codec CVSD)
headset-head-unit: Headset Head Unit (HSP/HFP, codec mSBC)
Active Profile: headset-head-unit-cvsd
```

Nimefupisha, za A2DP zipo pia.

fundi_wandegeya · Jumanne, saa 4:10 usiku

Una bahati, mSBC ipo ila imelala. Weka pavucontrol, programu ya kuongoza sauti, fungua kichupo cha mwisho mwisho kinachoitwa "Configuration", kwenye hedfoni chagua ile yenye mSBC. Au kwa amri, ukiweka namba za kifaa chako:

`pactl set-card-profile bluez_card.XX_XX_XX_XX_XX_XX headset-head-unit`

Mimi binafsi nisingeishia hapo. Kwa mtu anayefundisha matamshi ningeacha kabisa maiki ya hedfoni. Hedfoni zibaki A2DP kwa kusikia, maiki iwe ya laptopu. Ndani ya programu ya mkutano chagua maiki ya ndani, na umkataze karani asihamishe. Kwa Mint 22, ambayo ina WirePlumber 0.4, tengeneza faili hii:

`~/.config/wireplumber/policy.lua.d/11-bluetooth-policy.lua`

ndani yake mstari mmoja:

`bluetooth_policy.policy["media-role.use-headset-profile"] = false`

kisha anzisha upya wireplumber, bila sudo!

Wenye mifumo mipya zaidi, kama Debian 13, msinakili hiyo. Kuanzia WirePlumber 0.5 waliacha faili za Lua kama hiyo, zikiwepo hazisomwi wala huambiwi. Kwenu ni hii:

`wpctl settings --save bluetooth.autoswitch-to-headset-profile false`

Nusu ya malalamiko ya "nimefuata maelekezo hayafanyi kazi" yanatoka hapo, maelekezo ya 0.4 kwa mtu wa 0.5 au kinyume. `wireplumber --version` kwanza.

mzee_wa_malaba · Jumatano, saa 1:00 asubuhi

Swali la pembeni. Mimi yangu inaunganisha vizuri, ila sauti inakatika-katika kama mtu anakula mahindi. Hasa jioni.

kasese_mlimani · Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Mzee, intaneti yako ni ya simu? Hotspoti?

mzee_wa_malaba · Jumatano, saa 1:24 asubuhi

Ndiyo, simu iko pembeni ya laptopu. Na diski ya nje, jioni ndipo nahifadhi faili za ofisi.

kasese_mlimani · Jumatano, saa 1:40 asubuhi

Wote watatu wanagombania ukoo mmoja. Bluetooth inaishi kwenye GHz 2.4. Hotspoti nyingi huanza na hiyohiyo. Diski za USB 3 zikifanya kazi hutoa kelele kwenye masafa hayohayo, hasa kupitia waya mbovu. Kama simu yako inaruhusu, geuza hotspoti iwe GHz 5. Diski ihamishie upande wa pili wa laptopu. Mimi niliangaika miezi miwili nikibadilisha kodeki, kumbe ni diski. Safari hii sisingizii kerneli.

mzee_wa_malaba · Jumatano, saa 3:05 usiku

Nimehamisha diski tu, simu sijaigusa. Mahindi yamekwisha.

mwalimu_arua · Alhamisi, saa 2:15 usiku

Ripoti. Jana nilifundisha kwa maiki ya laptopu, hedfoni zikabaki na sauti yake nzuri. Imla ileile, nikaongeza "dhahabu" na "zahanati" kwa ukorofi. Wanafunzi wanane wamepata "thamani". Watatu waliobaki ni wangu mimi kuwashughulikia, siyo wa fundi.

Leo mvua. Wanaoijua Arua wanajua, na nyumba yangu ni mabati bila dari. Maiki ya laptopu ilibeba mvua yote, mwanafunzi mmoja wa Juba akaniuliza kama nakaanga samaki. Nikarudi maiki ya hedfoni kwa mSBC. Iko mdomoni karibu, mvua ikapungua. "Th" imepita kwa shida lakini imepita. Kwa hiyo nimebaki na mipango miwili: kiangazi laptopu, masika mSBC. Na nimetuma mtu aniletee iyafoni za waya zenye maiki, za shilingi elfu kumi, ziwe za akiba.

Moja bado. Kila baada ya darasa hedfoni zinakataa laptopu dakika kadhaa. Ujumbe safari hii siyo ule wa profaili, inasema tu imeshindwa kuunganisha.

binti_bombo · Alhamisi, saa 2:22 usiku

Kuna simu nyumbani uliyowahi kuziunganisha nayo?

mwalimu_arua · Alhamisi, saa 2:40 usiku

Kijana wangu yuko chumba cha pili anaangalia mpira. Kazivuta kwa simu ya mama yake. Mtangazaji nilimsikia, nikadhani ni jirani.

fundi_wandegeya · Alhamisi, saa 2:45 usiku

Hiyo haina kifurushi.

nyota_ya_masindi · Ijumaa, saa 4:00 asubuhi

Habari zenu. Na mimi tatizo ni kama la mwalimu ila natumia Fedora, na ni spika, na haijawahi kufanya kazi tangu mwanzo, na ninayo Windows pembeni kwenye mashine hiyohiyo, kila nikihama lazima niunganishe upya. Nifanyeje?

binti_bombo · Ijumaa, saa 4:12 asubuhi

Hayo ni matatizo mawili tofauti na la mwalimu, dada. La Windows ni funguo: mifumo yote miwili inatumia redio moja yenye anwani moja, lakini kila mmoja ukiunganisha unaandika ufunguo wake, na spika inakumbuka wa mwisho tu. Linatibika kwa kunakili ufunguo kutoka upande mmoja kwenda mwingine, chini ya `/var/lib/bluetooth`. Fungua uzi mpya, weka `pactl info` na dmesg juu kabisa, na kama kuna ulichofuta, kiseme mwanzoni.